Ajali za mota mashambani: tusikubali jibu la "uzembe wake"



Liko neno moja linalotumika kila mara mfanyakazi anapokatwa vidole na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, au anapopigwa na umeme kwenye pampu ya maji. Neno hilo ni "uzembe". Mnyapara huliandika katika taarifa yake, meneja hulitilia sahihi, na mambo huishia hapo. Aliyeumia hurudi kwao na bendeji mkononi, na baada ya siku chache kibarua mwingine husimamishwa mbele ya mashine ile ile, ambayo haikuongezwa hata msumari mmoja. Ninaandika makala hii kusema kwamba jibu hilo mara nyingi si la kweli, na kwamba Chama kikiendelea kulinyamazia kitakuwa kimewaacha wanachama wake peke yao.

Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa pale Jinja mwaka 1954, umeme umekuwa ukisogea kidogo kidogo kuelekea mashambani. Kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa mkono, kwa maksai au kwa injini ya mafuta sasa zinafanywa na mota. Mota huzungusha feni za kunyaushia majani ya chai, huvuta maji ya kumwagilia miwa, humenya buni, hupukuchua na kusaga mahindi, hukata majani ya ng'ombe na hukamua maziwa. Hilo ni jambo jema, wala hakuna mfanyakazi mwenye akili anayetaka kurudi kwenye kinu na mchi. Lakini injini ya mafuta ilikuwa na tabia moja ya kiungwana: ilinguruma, ilitoa moshi, na ikizimika ilibaki imezimika mpaka mtu aiwashe. Mota ya umeme hukaa kimya. Inaweza kuwa na umeme mwilini mwake wala usijue, na inaweza kuamka yenyewe wakati mkono wako umo ndani ya mashine. Kwa hiyo yatupasa kuijua vizuri, na yampasa mwenye shamba kuifunga vizuri zaidi.

Nitaeleza njia nne ambazo mota hutudhuru, ili kila msomaji aone mwenyewe zinafungwa na nani.

Njia ya kwanza ni umeme kuvuja kwenye gamba la mota. Ndani ya mota zimo nyaya zilizozungushwa na kupakwa vanishi. Joto, vumbi, unyevu, panya, na mvuke wa samadi katika mabanda ya ng'ombe huila vanishi hiyo siku hadi siku. Ikiisha, waya hugusa chuma, na chuma chote cha mashine huwa na umeme wa volti 240. Mtu mwenye viatu vikavu anaweza kugusa asisikie ila mtetemo kidogo. Akija mwenzake aliye peku, amekanyaga matope na mikono yake imelowa, umeme utapita kwake kuelekea ardhini. Na watu wafahamu ni kiasi gani kinachoua. Balbu ya kawaida ya wati 60 hutumia miliampea 250. Miliampea 50 tu zikipita kifuani zinaweza kuuvuruga moyo usipige tena. Yaani sehemu moja ya tano ya umeme wa balbu moja yatosha kuua mtu mzima.

Hapa ndipo tunapoambiwa: "Lakini mashine hii ina fyuzi, na ina waya wa ardhini." Tulitazame jibu hilo kwa hesabu. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara sita au saba kuliko inavyovuta ikiwa imeshika mwendo. Kwa sababu hiyo fundi huiwekea fyuzi kubwa. Mota ya nguvu-farasi 10 yaweza kuwekewa fyuzi ya ampea 30. Fyuzi hiyo ni kwa ajili ya kulinda nyaya, wala haimjui mwanadamu. Sasa chukua chuma kilichopigiliwa ardhini wakati wa kiangazi, katika udongo mkavu wa changarawe, ambao ukinzani wake ni omu 20. Volti 240 ukizigawa kwa 20 unapata ampea 12. Fyuzi ya ampea 30 haitakatika kwa ampea 12, hata ikikaa mwezi mzima. Gamba la mota litaendelea kuwa na umeme, na mashine itaendelea kufanya kazi kama kawaida mpaka mtu aiguse. Dawa yake inajulikana: ni swichi ya kinga inayohisi umeme unaovuja na kukata njia kabla sekunde moja haijakwisha, uvujaji unapofika miliampea 30. Waya wa ardhini ubaki palepale, ukaguliwe na kupimwa, na swichi hiyo iongezwe juu yake. Je, kibarua ndiye wa kununua swichi? La hasha.

Njia ya pili ni mota kuamka yenyewe. Sote tunajua jinsi umeme unavyokatika bila taarifa. Mashine ya kukatia majani ikisimama, mfanyakazi huona amepata nafasi ya kutoa majani yaliyokwama kwenye visu. Umeme ukirudi, je, mashine itaondoka? Jibu liko katika kile kilichofungwa ukutani. Ikiwa ni swichi ya mkono ya kuinua na kushusha tu, mashine itazunguka papo hapo umeme utakaporudi, na mkono utakuwa ndani. Ikiwa ni stata yenye koili, umeme ukikatika koili huachia, na mashine haiondoki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mkono na kigutu, nayo iko katika kifaa kimoja cha ukutani ambacho mfanyakazi hakukichagua. Wala stata hiyo isiwekewe kijiti cha kuibana ili isiachie, kama inavyofanyika mahali fulani fulani umeme unapokuwa dhaifu. Anayeamuru kijiti kiwekwe ndiye anayetega mtego.

Njia ya tatu ni mkanda na puli. Mota nyingi tunazofanya nazo kazi huzunguka kiasi cha mara 1,450 kwa dakika, yaani mara 24 katika sekunde moja. Hakuna mtu mwenye wepesi wa kuushinda mwendo huo. Ncha ya leso, mkono wa shati, kamba ya aproni au nywele zikishikwa, mtu mzima huvutwa kabla hajapiga kelele. Wanawake wanaofanya kazi kwenye mashine za kupukuchua na za kusaga huambiwa wafunge nguo zao vizuri, na ni shauri jema; lakini nguo hulegea, na mtu huchoka saa ya nane mchana. Kifuniko cha chuma kilichofungwa kwa bolti juu ya mkanda hakichoki. Tena tuseme wazi kwamba vifuniko vingi vilikuja na mashine kutoka kiwandani, vikavuliwa siku ya matengenezo ya kwanza, na leo vimelala nyuma ya stoo vikishika kutu.

Njia ya nne ni moto. Mota kubwa hutumia nyaya tatu za umeme, ambazo mafundi huziita fezi. Fezi moja ikikatika, mota hunguruma bila kuzunguka, au huzunguka kwa shida, na nyaya mbili zilizobaki hubeba mzigo uliozidi. Huwa ya moto kupita kiasi, hunuka vanishi, kisha huungua. Karibu yake kuna majani makavu, magunia na vumbi la unga. Kinga yake ni kile kidude cha stata kinachohisi joto na kukata njia, kikiwa kimewekwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibati cha mota. Lakini kidude hicho kikikata mara mbili katika siku moja, amri inayotoka ni: "Kizidishe." Na fyuzi ikikatika huwekwa kipande cha waya wa seng'enge. Mota imesema mara mbili kwamba inaumwa, nayo imezibwa mdomo.

Sasa tujiulize. Katika njia hizi nne ni wapi palipo na uzembe wa kibarua? Swichi ya kinga ni mali ya mwenye shamba. Stata ni mali yake. Kifuniko ni mali yake. Fundi wa kupima ameajiriwa naye au hakuajiriwa kabisa. Mfanyakazi ana mikono yake tu, nayo ndiyo inayokatwa.

Sisemi kwamba sisi wafanyakazi ni malaika. Wako wenzetu wanaovuka mkanda unaozunguka kwa kuwa ni njia ya mkato. Wako wanaomwagia mota maji wakati wa kuosha banda. Wako wanaojifanya mafundi na kufungua stata kwa kisu. Hao tuwakanye sisi wenyewe, tena kwa ukali wa ndugu. Lakini tutazame pia kinachowasukuma. Mtu anayelipwa kwa kipande, kwa idadi ya magunia au kilo, akizima mashine dakika kumi ili atoe kilichokwama, hizo dakika kumi zinatoka mfukoni mwake. Kesho yake atatoa kilichokwama huku mashine inazunguka. Meneja anayeweka malipo ya namna hiyo, kisha akabandika ukutani karatasi ya "Usalama Kwanza", amemwambia mfanyakazi mambo mawili yanayopingana, na lile lenye pesa ndilo linalosikika.

Wengine watasema kwamba sheria iko upande wa mwajiri. Si kweli. Uganda ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya ile Sheria ya Viwanda ya zamani. Sheria ya sasa inahusu mahali pa kazi kwa jumla, na shamba ni mahali pa kazi. Inamwajibisha mwajiri kuweka mitambo salama na kutoa maelezo na mafunzo, na inawapa wafanyakazi wawakilishi wa usalama. Majirani zetu wa Kenya walitunga yao mwaka 2007, nayo inataka kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tanzania walitangulia, mwaka 2003.

Kisha kuna Sheria yetu ya Fidia kwa Wafanyakazi. Nawaomba wenzangu washike jambo moja lililomo. Sheria hiyo inasema kwamba mfanyakazi aliyeumia kazini, kutokana na kazi yake, atalipwa fidia hata kama kuumia kwake au kufa kwake kulitokana na kutojali kwake mwenyewe. Akifa akiacha wanaomtegemea, kipimo ni mshahara wa miezi 60. Akilemaa kabisa kwa maisha, kipimo ni hicho hicho. Kwa hiyo neno "uzembe" katika taarifa ya mnyapara halimpunguzii mwajiri deni. Linatumika kwa kazi nyingine: kumtisha mjane asidai, na kumfanya aliyekatwa mkono aone haya kwenda kwa afisa wa kazi. Mwanachama akiumia, mwakilishi wa Chama aandike siku ile ile kilichotokea, saa, mashine gani, kifuniko kilikuwapo au hakikuwapo, na majina ya walioona. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko hotuba kumi.

Duniani pia hatuko peke yetu. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mwaka 2001 Mkataba Namba 184 kuhusu usalama na afya katika kilimo. Unasema mfanyakazi wa shambani ana haki ya kuelezwa hatari, ya kuchagua wawakilishi wake wa usalama, na ya kujitoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu kumfika, akamwarifu msimamizi wake mara moja, wala asiadhibiwe kwa hilo. Unasema pia kazi za hatari katika kilimo zisifanywe na mtu aliye chini ya miaka 18. Nchi nyingi bado hazijauridhia mkataba huo. Lakini mwezi wa Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliliingiza suala la mahali pa kazi salama katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu hata kama haijauridhia mkataba unaohusika. Hizo ni hoja za kupeleka mezani.

Na mezani ndipo ninapotaka tufike. Kwa maoni yangu, Chama kimekuwa kikizungumza habari za mshahara na posho, na usalama kimeuachia mabango na glavu. Glavu hazimlindi mtu na mkanda. Zinaweza hata kumvuta ndani. Katika makubaliano yajayo na waajiri wa mashamba, mambo haya matano yaandikwe kwa maneno yasiyopindika.

Mosi, kila mota iwe na stata isiyojiwasha umeme unaporudi, na swichi ya kukata umeme wote iwe karibu na mashine, mahali ambapo mfanyakazi anaifikia bila kuupita mkanda.

Pili, kila mota iliyo karibu na maji, banda la mifugo au mahali pa kuoshea iwe na swichi ya kinga ya miliampea 30, ijaribiwe kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake, na tarehe iandikwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi.

Tatu, hakuna mashine itakayowashwa bila vifuniko vyake. Mwakilishi wa usalama awe na uwezo wa kuisimamisha.

Nne, kila mtu anayesafisha au kutengeneza mashine apewe kufuli na ufunguo mmoja tu, nao ukae mfukoni mwake. Azime, akate umeme kwenye swichi kubwa, aifunge kwa kufuli lake, atundike kibao chenye jina lake, asubiri mashine isimame kabisa, kisha ajaribu kuiwasha ili ahakikishe imekufa. Ndipo aingize mkono. Wakiwa watu watatu, makufuli yawe matatu. Na fundi asifungue nyaya kabla ya kupima kwa chombo kwamba umeme haumo.

Tano, muda wa kuzima mashine kwa ajili ya usalama ulipwe kama muda wa kazi, hata kwa anayelipwa kwa kipande. Bila hili la tano, yale manne yatabaki karatasini.

Mwajiri atasema ni gharama. Tumjibu kwa hesabu yake mwenyewe. Kufuli moja, kibao kimoja na bolti nne za kifuniko ni vitu vya duka la kawaida. Stata na swichi ya kinga ni ghali zaidi, lakini mota iliyoungua nayo ni ghali, na fidia ya miezi 60 ni ghali kupita vyote. Tena vifaa hivyo vinailinda mali yake pamoja na watu wetu.

Lipo tatizo moja ambalo sina budi kulitaja. Makubaliano ya Chama yanawafikia walioajiriwa katika mashamba makubwa. Kibarua wa siku katika kinu cha kijijini, au kijana anayewasha pampu ya mkulima mdogo kando ya mto, hana mwakilishi wala kamati. Huyo naye ni ndugu yetu, na mara nyingi ndiye anayefanya kazi na nyaya zilizoungwa kwa nailoni. Matawi yetu yaliyo karibu yasingoje awe mwanachama ndipo yamwonye.

Na kwa kila msomaji, awe wa shamba kubwa au dogo, haya yanahitaji mazoea tu. Kabla ya kuwasha, tazama waya, mkanda na kifuniko. Usiguse mota kwa mkono uliolowa. Ukisikia mtetemo wowote kwenye chuma, zima kwenye swichi kubwa, mwite fundi, wala usiseme "ni kidogo tu". Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Ikishika moto, usimwage maji. Kata umeme, tumia mchanga mkavu au kizimamoto cha unga. Mwenzako akinaswa na umeme, usimshike! Kata umeme kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu huku umesimama juu ya kitu kikavu. Lakini ikiwa ni waya wa njia kuu ulioanguka kutoka kwenye nguzo, kaa mbali kabisa na upeleke habari kwa wenye umeme. Akishatolewa, kama hapumui, bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua chake, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Kila tawi lifundishe jambo hili, kwa maana hospitali iko mbali na moyo hausubiri.

Katika mkutano ujao wa tawi lako, ndugu mfanyakazi, uliza maswali matatu. Hapa kwetu kuna mota ngapi? Ni ngapi zisizo na kifuniko? Ni nani anayeshika ufunguo wakati mkono wangu uko ndani? Kama hakuna anayeweza kujibu, basi kazi ya mwakilishi wa usalama ianze kesho asubuhi, kwa daftari na kalamu, mashine moja baada ya nyingine. Orodha hiyo ndiyo itakayopelekwa kwa meneja, na nakala kwa afisa wa kazi. Na mtu akija tena na neno "uzembe", afunguliwe daftari hilo aone tarehe tuliyomwonya.

Umoja ni nguvu.